Rafu ya Kiswahili na Wauza Vitabu wa Harlem, London na Dar es Salaam

Mwaka 1972 kilitoka kitabu cha historia kilichobeba majina mawili ya wachapishaji kutoka miji miwili: Bogle-L'Ouverture Publications ya London na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Kitabu hicho ni How Europe Underdeveloped Africa cha Walter Rodney, Mguyana aliyekuwa akisomesha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hoja yake kuu inajulikana, na waliomuunga mkono na waliompinga wameshaijadili kwa nusu karne. Mimi huvutiwa zaidi na jambo dogo lililo mwishoni mwa kila sura. Rodney hakujaza tanbihi. Badala yake aliweka mwongozo mfupi wa usomaji, yaani orodha ya vitabu anavyomshauri msomaji avitafute, pamoja na maneno machache ya kueleza kipi kinafaa kwa lipi.

Ndivyo anavyofanya muuza vitabu hodari mteja anapoegemea kaunta na kuuliza aanzie wapi. Jambo hili halikutokea kwa bahati. Waliomchapisha Rodney kule London walikuwa wauza vitabu, na wao wenyewe walikuwa warithi wa wauza vitabu wengine, watu ambao kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 waliifanya kazi ambayo vyuo vikuu viliikataa: kuwaambia watu weusi wa Marekani, Karibea na Uingereza wasome nini kuhusu nafsi zao. Makala haya yanawafuata watu hao, na yanauliza kwa nini katika rafu walizotujengea sisi wasemaji wa Kiswahili tumebaki wageni, ingawa mmoja wa mihimili ya rafu hizo ulisimamishwa Dar es Salaam.

Tuanze Harlem. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Lewis Michaux, mzaliwa wa Newport News, Virginia, alifungua duka la vitabu karibu na makutano ya Mtaa wa 125 na Seventh Avenue, akaliita National Memorial African Bookstore. Alianza na vitabu vichache mno, wakati ambapo watu walimwambia wazi kwamba mtu mweusi hasomi. Kakaye, Lightfoot Solomon Michaux, alikuwa mhubiri maarufu wa redio. Lewis alichagua mimbari nyingine. Juu ya mlango na madirishani aliweka mabango yaliyojaa maneno na picha za viongozi wa Afrika, na duka likajitangaza kuwa ni nyumba ya busara ya kawaida na makao ya propaganda iliyo sahihi. Neno propaganda alilitumia bila haya. Alijua kwamba vitabu vya shule navyo vilikuwa propaganda, ila vilikuwa vya upande wa pili.

Mbele ya duka hilo palikuwa na uwanja wa wahutubi, na Malcolm X alihutubia hapo mara nyingi. Alikuwa pia mteja na msomaji wa ndani. Ukitaka kuelewa mtu ambaye shule aliiacha akiwa kijana aliwezaje kuzungumza juu ya historia ya Afrika kwa kujiamini kule, sehemu ya jibu iko gerezani alikojisomea, na sehemu nyingine iko katika chumba cha nyuma cha Michaux. Duka lilihamishwa mwaka 1968 ili kupisha ujenzi wa jengo la ofisi za serikali ya jimbo, na mwaka 1974 likafungwa.

Huo mwaka 1968 unastahili kutazamwa kwa makini, maana mwezi mmoja wake unaeleza mengi. Oktoba 1968 mkuu wa FBI, J. Edgar Hoover, aliziagiza ofisi zake nchini kote zichunguze maduka ya vitabu ya watu weusi: nani anayamiliki, anauza nini, nani anaingia na kutoka. Tarehe 15 ya mwezi huo huo, serikali ya Jamaika ilimzuia Rodney asishuke ndege mjini Kingston. Alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha West Indies na alikuwa anarejea kutoka mkutano wa waandishi weusi huko Montreal. Wanafunzi waliandamana, mji ukawaka moto. Serikali hiyo hiyo, mwaka huo huo, ilikuwa imepiga marufuku vitabu vya Malcolm X na Stokely Carmichael visiingie nchini. Hapa na pale, dola mbili zisizofanana zilifikia hitimisho moja, kwamba muuza vitabu na mwalimu wa historia ni watu wa kuchungwa.

Kosa la Rodney pale Kingston lilikuwa nini? Alitoka kwenye uwanja wa chuo akaenda kukaa na Marasta na vijana wasio na kazi, katika vibanda na kwenye viwanja vya mpira, akazungumza nao historia ya Afrika. Kwa Kiingereza cha Jamaika kikao cha namna hiyo huitwa grounding, na watu wengi wamehangaika kulieleza neno hilo. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuhangaika. Ni baraza. Watu wanakaa chini kwa usawa, hakuna anayesimama juu ya mwenziwe, mwenye habari anatoa na mwenye swali anauliza.

Habari za marufuku zilipofika London, ziliwakuta Jessica na Eric Huntley. Wote wawili walitoka British Guiana, koloni ambalo Waingereza walisimamisha katiba yake mwaka 1953 baada ya chama cha mrengo wa kushoto kushinda uchaguzi. Eric alikuwa ameonja jela ya wakoloni mwaka uliofuata. Walikuwa wakimfahamu Rodney tangu alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu katika SOAS, ambako alihitimu mwaka 1966. Walikusanya mihadhara yake ya Jamaika, wakachangishana fedha na marafiki, na mwaka 1969 wakatoa The Groundings with My Brothers. Kampuni waliipa majina ya Paul Bogle, kiongozi wa uasi wa Morant Bay nchini Jamaika mwaka 1865, na Toussaint L'Ouverture wa Haiti. Ofisi ilikuwa nyumbani kwao, Ealing, magharibi mwa London. Ghala lilikuwa sebuleni.

Niseme wazi kwa nini jambo hili lina uzito katika historia ya vitabu. Tumezoea mpangilio wa mwandishi, kisha mchapishaji, kisha muuzaji, kila mmoja akimngoja mwenziwe. Kwa Huntley mpangilio uligeuka. Mteja aliuliza, kitabu hakikuwapo, muuzaji akalazimika kukichapisha. Ushauri ulitangulia kitabu chenyewe. Rodney aliporudi Dar es Salaam mwaka 1969 na kuanza kuandika kitabu chake kikubwa, alishajua wapo wachapishaji wasiomtaka apunguze makali na wasiomlazimisha auze kwa bei ya maktaba. Upande wa Dar es Salaam, Tanzania Publishing House, shirika la umma lililokuja kuongozwa na Walter Bgoya, lilikuwa na nia hiyo hiyo. Neno la mwisho la kitabu liliandikwa na Abdulrahman Mohamed Babu, Mzanzibari aliyekuwa waziri katika serikali ya Tanzania. Babu alitiwa kizuizini mwaka ule ule kilipotoka kitabu, hakuachiwa hadi 1978, na siku zake za mwisho alizimalizia uhamishoni, akafariki London mwaka 1996. Kitabu kimoja kiliunganisha Georgetown, Kingston, London, Dar es Salaam na Zanzibar, na kilifanya hivyo bila ofisi yoyote ya mahusiano ya kimataifa.

Kaskazini mwa London kulikuwa na mwingine. John La Rose, aliyezaliwa Arima, Trinidad, mwaka 1927, alianzisha New Beacon Books mwaka 1966 pamoja na Sarah White. Nao walianzia nyumbani, wakibeba vitabu kwenye mabegi hadi kwenye mikutano. Mwaka 1973 walipata duka katika Stroud Green Road, Finsbury Park. La Rose alikuwa mshairi na mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi, na alikuwa na nadharia moja aliyoirudia katika maisha yake yote, kwamba kila kizazi cha watu weusi hulazimika kuanza upya kwa sababu kazi ya kizazi kilichotangulia haikuhifadhiwa. Wahenga wetu walilisema kwa mkato: mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo alichokipendekeza kwa wateja wake kilikuwa mara nyingi kitabu cha zamani. Mwaka 1969 New Beacon ilichapisha upya vitabu viwili vya John Jacob Thomas, mwalimu mweusi wa Trinidad wa karne ya 19. Kimoja ni sarufi ya Krioli aliyoitoa mwaka 1869. Kingine ni Froudacity cha mwaka 1889, jibu kwa James Anthony Froude, mwanahistoria wa Kiingereza aliyezuru Karibea na kurudi akiandika kwamba watu weusi hawawezi kujitawala. Thomas alimjibu hoja kwa hoja, akafa London mwaka huo huo. Miaka themanini baadaye, mhamiaji wa Trinidad au Barbados aliyekuwa akiendesha basi la London aliweza kukishika kitabu hicho mkononi na kugundua kwamba matusi aliyoyasoma gazetini jana yalishajibiwa kabla babu yake hajazaliwa. Sidhani kwamba kuna huduma kubwa zaidi ambayo duka la vitabu linaweza kuitoa.

New Beacon haikuishia kwa wafu. Mwaka 1971 ilichapisha kijitabu cha Bernard Coard, mwalimu kutoka Grenada, kilichoonesha jinsi watoto wa Karibea walivyokuwa wakisukumwa kwa wingi katika shule za watoto waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili. Wazazi walikinunua, wakakipeleka kwenye mikutano ya walimu, wakadai maelezo. Kijitabu kile kilitokana na madarasa ya jioni na vikao vya wazazi, na kikarudi humo humo.

Kwenye riwaya nitapita haraka, si kwa kuzidharau bali kwa sababu njia yake ilikuwa tofauti. Riwaya za Kiafrika zilifika kwenye maduka haya zikiwa tayari zimechapishwa na kampuni kubwa, hasa kupitia mfululizo wa Waandishi wa Kiafrika wa Heinemann ulioanza mwaka 1962 huku Chinua Achebe akiwa mshauri wake wa uhariri. Majalada ya rangi ya chungwa yalijulikana kwa mbali. Muuza vitabu hapa alikuwa mchujaji: mteja aliyempenda Achebe alipewa Ngũgĩ, aliyempenda Ngũgĩ alipewa George Lamming wa Barbados, na hivyo Afrika na Karibea zikaanza kusomwa kama sentensi moja.

Sanaa ndiyo iliyonishangaza nilipoanza kuichunguza habari hii. Mtu hudhani kwamba maduka ya siasa yangeidharau picha. Kinyume chake, New Beacon ilizaliwa mwaka mmoja na Harakati ya Wasanii wa Karibea, ambayo La Rose aliianzisha pamoja na Kamau Brathwaite na Andrew Salkey, na ambayo iliwakutanisha washairi na wachoraji kama Aubrey Williams, mchongaji Ronald Moody na msanii wa nguo Althea McNish. Mkutano wao mkuu wa kwanza ulifanyika mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Kent, Canterbury, chuo ambacho miaka mingi baadaye Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alikuwa profesa wake. Katika kundi hilo alikuwamo kijana wa Jamaika, Errol Lloyd, aliyekuja kusoma sheria akaishia kuchora. Lloyd aliwachorea Huntley majalada ya vitabu na kadi za salamu. Naam, kadi za salamu. Bogle-L'Ouverture iliuza kadi na mabango yenye sura za watu weusi wakati ambapo mzazi mweusi wa London hakuweza kupata kadi ya siku ya kuzaliwa yenye mtoto anayefanana na wake. Mwaka 1973 picha za Lloyd zilitoka katika My Brother Sean, kitabu cha watoto cha Petronella Breinburg kuhusu mtoto mweusi siku yake ya kwanza shuleni. Mteja aliyeingia kununua kadi ya peni chache alitoka na Rodney kwapani. Nani atasema kwamba picha haikuwa mlango?

Mlango huo ulipigwa mawe, na hapa simaanishi kwa mafumbo. Huntley walikuwa wamefungua duka huko West Ealing katikati ya miaka ya 1970. Mwishoni mwa muongo huo maduka kadhaa ya vitabu ya watu weusi na ya mrengo wa kushoto, likiwamo la kwao, yalishambuliwa na wabaguzi: vioo vilivunjwa, maneno ya matusi yakaandikwa kutani. Wauza vitabu waliunda kamati ya pamoja kudai ulinzi. Tarehe 13 Juni 1980 Rodney aliuawa kwa bomu ndani ya gari mjini Georgetown, akiwa na umri wa miaka 38, na duka la Ealing likabadilishwa jina likawa Walter Rodney Bookshop. Lilidumu miaka kumi hivi baada ya hapo. Kodi na gharama zilifanya kile ambacho mawe hayakuweza.

Kabla ya kufungwa, wauzaji hawa walifanya jambo moja kubwa kwa pamoja. Aprili 1982, New Beacon, Bogle-L'Ouverture na kundi la Race Today waliandaa London Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu vya Watu Weusi vya Kimapinduzi na vya Ulimwengu wa Tatu, yaliyofunguliwa na C. L. R. James. Yalifanyika mara kumi na mbili hadi mwaka 1995. Hapo ndipo ushauri wa kaunta ulipokuwa soko: meza kwa meza, wachapishaji kutoka Afrika, Karibea, Asia na Marekani wakioneshana walichonacho.

Miezi michache baada ya maonyesho ya kwanza, Ngũgĩ wa Thiong'o alijikuta London bila uwezo wa kurudi Kenya. La Rose akawa mwenyekiti wa Kamati ya Kutaka Wafungwa wa Kisiasa nchini Kenya Waachiwe, na mwaka 1983 New Beacon ikachapisha insha za Ngũgĩ, Barrel of a Pen. Miongoni mwa wanaharakati wa kamati hiyo alikuwamo Abdilatif Abdalla wa Mombasa, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Abdilatif alikuwa amefungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kuandika waraka uliouliza nchi inakwenda wapi. Mashairi aliyoyaandika gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki na yakapata tuzo.

Basi tazama kikao hicho. Katika chumba kimoja yupo muuza vitabu bora kabisa wa watu weusi wa Uingereza, yupo mwandishi aliyetoka kuachana na Kiingereza na kuandika riwaya kwa Kikikuyu, na yupo mshairi mkubwa wa Kiswahili aliye hai. Masharti yote ya kuanzisha rafu ya lugha za Kiafrika yametimia. Na bado orodha ya vitabu walivyochapisha wauzaji hawa, ukiipitia mwanzo hadi mwisho, ni ya Kiingereza karibu yote. Simlaumu La Rose; wateja wake walitoka Karibea, na vita vyake vya lugha alivipigania kwa kuchapisha sarufi ya Krioli. Lawama, kama ni lazima iwepo, ni yetu sisi tuliokuwa na lugha iliyoandikwa kwa karne kadhaa na tusiwe na duka. Waswahili wa London, Muscat, Toronto na Minneapolis wameanzisha misikiti, makanisa, timu za mpira, vyama vya kuzikana na migahawa. Duka la vitabu vya Kiswahili ni adimu hadi mtu akilitaja huulizwa mara mbili.

Gharama ya pengo hilo inaonekana darasani. Wanafunzi wangu, wengi wao wakiwa watoto wa wahamiaji, huniuliza wapate wapi vitabu vya Kiswahili, na jibu langu huwa refu kuliko swali. Wakitafuta wenyewe mtandaoni, mashine huwaletea kamusi, misemo ya watalii na vitabu vya kujifunza kuhesabu. Mashine hupendekeza kile ambacho wengi wamekwisha nunua. Haijui kupendekeza kile ambacho mtu anakihitaji bila kujua kwamba kipo. Hiyo ilikuwa kazi ya Jessica Huntley.

Hivi karibuni kumetokea jambo la kutia moyo. Mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobeli, riwaya yake Paradise ilitoka kwa Kiswahili kwa jina Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa SOAS, na kuchapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Kampuni hiyo iliasisiwa na Walter Bgoya baada ya kuondoka TPH, kwa hiyo kuna mkono mmoja uliogusa kitabu cha Rodney mwaka 1972 na kitabu cha Gurnah miaka hamsini baadaye. Njia ya London na Dar es Salaam haijaota nyasi. Kilichokosekana ni kaunta.

Kama ningekuwa na kaunta hiyo, meza ya historia isingenisumbua. Ningeanza na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa karibu na Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kusomesha Kiswahili, akaishi huko hadi kufa kwake mwaka 1927. Maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapwa Göttingen mwaka 1903, na kwa muda mrefu kitabu kilijulikana zaidi kwa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekikusanya. Huyu ni mwandishi wa ughaibuni kabla neno hilo halijazoeleka, na anafaa kusomwa na kila Mswahili aliyewahi kuombwa na wageni awaeleze kwao kukoje. Pembeni yake ningeweka maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe na yakachapwa kwanza Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Mteja ningemuonya kwamba msimuliaji ni mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na hajutii chochote. Asomwe kwa sababu hiyo hiyo. Kisha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, historia ya utawala wa Usambara inayosomeka kwa utamu kama riwaya.

Meza ya sanaa ndiyo ingenitia aibu. Tunazo nyumba za mawe, milango ya nakshi, kanga, vinyago na michoro ya Tingatinga, na karibu kila kitabu cha maana juu ya vitu hivi kimeandikwa kwa lugha nyingine. Uchunguzi wa Usam Ghaidan juu ya mji wa Lamu, uliotoka Nairobi mwaka 1975, bado ndio ninaowaelekeza wanafunzi, nao ni wa Kiingereza. Fundi anayechonga mlango ana msamiati kamili wa kila sehemu ya kazi yake. Ni mwanahistoria wa sanaa anayekosa pa kuusoma. Huntley wangekuwa katika hali hii wangekwenda kumtafuta fundi, wakakaa naye barazani, wakaandika, wakachapa.

Kwenye riwaya kuna wingi, na mgogoro ungekuwa wa kuchagua. Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed na wengineo wangepata nafasi zao. Lakini mteja mwenye fedha ya kitabu kimoja ningempa Kuli cha Shafi Adam Shafi, kilichochapishwa na TPH mwaka 1979. Kinasimulia maisha ya wapagazi wa bandari ya Zanzibar hadi mgomo wa 1948, na kinamchukua msomaji hadi ndani ya kibarua chenyewe: uzito wa gunia, jasho, mabishano ya ujira, hofu ya kuwa wa kwanza kusema hapana. Mwandishi wake aliifahamu jela ya kisiasa, na miaka ya baadaye aliiandikia riwaya ya Haini. Ningemwambia mteja huyo akimaliza Kuli arudi, na nisingemtajia bado kitabu kinachofuata.